Milango Thelathini na Chumba Kitupu

Kona moja ya karatasi ilibanduka yenyewe kwenye fito za mlango kabla hakujapambazuka, ikatoa sauti ndogo, kama ya mgonjwa anayeachanisha midomo mikavu ili aombe maji. Fusae Hanzawa aliisikia akiwa bado godoroni. Hakushtuka. Jioni iliyopita alikuwa amezilowesha fito zote kwa kitambaa, kama wafanyavyo watu wote wa mji ule mwaka unapokwisha, ili gundi ya unga wa ngano ilegee na karatasi iliyokaa mlangoni miezi kumi na miwili itoke bila kuchanika. Karatasi za majirani zilikuwa zimeingia moshi tu na alama za vidole vya watoto. Ya Fusae ilikuwa imeandikwa riwaya nzima.

Aliinuka polepole, maana magoti yake yalikuwa na umri wa miaka sabini na tisa hata siku ambazo yeye mwenyewe hakuwa nao.

Mji ule haukuwa na jina. Ulikuwa na milango. Kulikuwa na milango myepesi ya kupitisha mwanga, yenye karatasi moja tu. Kulikuwa pia na milango mizito ya ndani, ambayo mafundi waliijaza karatasi juu ya karatasi, tabaka saba au nane, mpaka ikawa kama mto wa kulalia uliosimamishwa, izuie baridi isiingie na maneno yasitoke. Wakati nao haukwenda mbele kama unavyokwenda mahali pengine. Ulikaa nyumba kwa nyumba, kama wapangaji. Mtu aliweza kuvuka kizingiti cha jirani akiwa mzee, akajikuta ndani ana miaka thelathini, na akitoka akaukuta uzee wake unamngoja nje pamoja na viatu. Wenyeji walikuwa wamezoea. Asubuhi, baada ya salamu, waliulizana umri wa siku hiyo kama wengine wanavyoulizana habari za mvua.

Kwa hiyo haikuwa rahisi kusema Fusae alianza lini. Wenye kupenda mpangilio walisema alianza akiwa na miaka ishirini na miwili, alipojitwika mlango mgongoni, fremu tupu isiyo na karatasi, akapita nao sokoni akiwaomba watu waingie. Walimuuliza waingie wapi. Akawajibu kwamba hajui, ndiyo maana anaomba msaada. Muuza samaki mmoja akaingia, akatokea upande wa pili, akaketi chini akalia kidogo, kisha akamshukuru na kumpa dagaa wawili wamefungwa kwenye jani. Wiki ile polisi walimkamata Fusae kwa kosa la kujenga nyumba bila kibali. Mahakamani hakimu aliuchungulia ule mlango, akauliza ni nani yuko upande wa pili. Fusae akamwambia, "Ni wewe, mheshimiwa, na unaonekana umechoka." Akahukumiwa kuurudisha mlango nyumbani akitembea kinyumenyume. Alitembea. Nusu ya mji ilitembea kinyumenyume pamoja naye, na gazeti la kesho yake likaandika kwamba sanaa mpya imezaliwa.

Katika umri mwingine, wa miaka thelathini na mitano, aliandika kitabu kwa jina la mwanamume ambaye hakuwahi kuwako. Alimwita Sakon. Kitabu kilisifiwa mno, Sakon akaalikwa karamuni kwa wakubwa. Fusae alikwenda kama mtumishi wake, akapiga magoti nyuma ya kiti kitupu, akawa anakula chakula cha bwana wake kipande kwa kipande huku wakubwa wakikihutubia kile kiti na kukisifu kwa unyenyekevu wake. Aliporudi nyumbani alijiuliza swali ambalo halikumtoka tena. Aliyeandika hayupo. Aliyepo hakuandika. Basi, ni nani aliyeshiba?

Ni swali hilo lililomleta kwenye kazi yake kubwa. Alipofika miaka arobaini na minane alikataa vitabu, akawa anaandika kwenye karatasi ya mlango wake wa mbele, mstari mmoja kwa siku. Aliandika akiwa ndani, herufi zikiwa zimegeuzwa, ili taa ikiwashwa mpita njia asome sawasawa kutoka nje. Hivyo yeye, mwenye riwaya, ndiye mtu pekee mtaani ambaye maneno yake yalimpa mgongo. Mwaka ukiisha aliibandua karatasi, akaikunja, ikaenda kuchomwa, akaanza nyingine. Mwenye nguvu huchukua kilichopo, aliwaambia waliomshangaa. Kisichokuwapo atakichukuaje?

Jawabu hilo lilikuwa limefika hata kwa wenye nguvu wenyewe. Nyumba ya Kumbukumbu, iliyokuwa kilimani, ilikuwa na vyumba mia mbili, kila kimoja kimejaa vitu vya msanii mmoja chini ya vioo. Sasa walikuwa tayari kumpa Fusae chumba cha mia mbili na moja, nacho kingekuwa kitupu. Sakafu, kuta nne, jina lake juu ya mlango, basi. Hakuna msanii aliyewahi kupewa chumba kitupu. Sharti lilikuwa moja, kwamba isibaki hata herufi moja ya riwaya zake popote duniani, kwa maana kama kuna kilichobaki, sheria inataka kiletwe kiwekwe chini ya kioo. Leo, jua likishapanda juu ya mapaa, Bwana Kuramochi wa Nyumba ya Kumbukumbu angekuja kushuhudia riwaya ya thelathini na moja ikiungua, apige muhuri. Fusae alikitaka chumba kile. Hakuona haya kukitaka. Alikuwa amekiwaza mara nyingi, usafi wake, mwangwi wake, watoto wa shule wakiingia na kuuliza kilichowekwa humo kiko wapi, na mlinzi akiwajibu kwamba ndicho hicho.

Akaikunja karatasi, akajifunga koti lake la pamba, akaenda kwa Fundi Yasaburo, mtengeneza milango, ng'ambo ya pili ya barabara. Kuchoma kitu uani kulikatazwa katika mji wa karatasi, na kwa miaka thelathini alikuwa akimpelekea fundi huyo riwaya zake kwa sababu jiko lake la kuchemshia gundi lilikuwa ndilo jiko pekee mtaani lenye kibali. Alimkuta akikoroga sufuria. Akamweleza kwamba safari hii angeitia motoni kwa mkono wake mwenyewe, mtumishi wa serikali akitazama.

Yasaburo aliacha kukoroga. "Kuichoma kweli kweli, Mwalimu?"

"Kama ulivyozichoma zile nyingine."

Mzee yule alicheka, akidhani ni utani wa wasanii. Kisha akautazama uso wake, kicheko kikamkauka.

"Mwalimu," akasema, "mimi sijawahi kuchoma karatasi iliyoandikwa. Ningeanzia wapi?"

Yakatoka yote, polepole, huku gundi ikiungulia sufuriani. Kila mwisho wa mwaka Mwalimu alikuja, akainama, akampa karatasi kwa mikono miwili akisema, hii ni takataka tu, ichome. Na katika mji ule ni nani aliyewahi kutoa zawadi bila kuiita takataka? Mtu akileta keki huomba radhi kwa kuleta kitu kisicholika. Baba mkwe wake Yasaburo, siku ya harusi, alimkabidhi binti yake akisema ni msichana asiyefaa kitu, hajui hata kuchemsha maji. "Ningemrudisha?" aliuliza fundi. Alimshukuru mzee, akaishi na mke wake kwa furaha miaka arobaini na mmoja. Basi na karatasi za Mwalimu alizipokea vivyo hivyo, na kila mwaka mpya ulipoingia alirudisha shukrani, mtungi wa figili alizozitia chumvi mwenyewe.

Fusae alikuwa amekula mitungi thelathini ya figili zile akidhani jirani yake anamwonea huruma kwa kuishi peke yake.

Na zilikuwa karatasi nzuri sana, Yasaburo aliendelea, sasa akisema kwa wasiwasi. Karatasi mpya ina kiburi. Ukiitia tabaka la ndani inavuta huku na huku mpaka mlango unapinda. Lakini karatasi iliyokwisha kunywa wino na kukaa mwaka mzima juani imetulia, haina haja ya kujionyesha. Mafundi wa zamani wakiipata waliitunza kwa ajili ya milango ya watu wanaowapenda.

"Ziko wapi?" Fusae aliuliza.

"Ziko mtaani, Mwalimu. Zinafanya kazi."

Alikaa juu ya gogo la kukatia fito. Ndani ya kichwa chake chumba cha mia mbili na moja kilikuwa kinajaa. Kiti kimeingia. Sanduku limeingia. Watu wanaingia na vyombo vyao. Nilisema sipo. Nimesema sipo kwa miaka thelathini, kwa sauti kubwa, na muda wote huo nilikuwa nimesimama katika nyumba za watu nikizuia upepo. Nilikuwa nimejificha wapi? Palepale. Nani alijua? Hakuna. Basi nilikuwapo au sikuwapo?

Akamwomba Yasaburo ampeleke akaone, kabla Bwana Kuramochi hajafika.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mkunga. Mlango mzito ulitenga chumba cha kuzalia na chumba cha kungojea, na paka alikuwa ameukwaruza chini hadi tabaka la tatu. Fusae alipovuka kizingiti alikuwa na miaka arobaini na minane, mgongo umenyooka, mkono una nguvu. Aliinama bila maumivu, akasoma kwenye mkwaruzo maneno matatu ya riwaya yake ya kwanza: *aliyengoja ndiye aliyefika*. Aliyasoma yakiwa yamenyooka. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kuziona herufi zake za mlangoni kwa mbele, akaona kwamba mwandiko wake ulikuwa mzuri. Hakuna aliyewahi kumwambia. Mkunga alisema, huku akikunja vitambaa, kwamba baba wengi walikuwa wameegemeza vipaji vya nyuso zao pale pale wakisikiliza kilio cha kwanza. Mlango ule ulikuwa na joto zaidi kidogo kuliko mingine, sijui kwa nini, alisema.

Nyumba ya pili ilikuwa ya mume na mke waliojulikana kwa ugomvi. Hapo Fusae alipovuka kizingiti alikuwa Sakon. Alikuwa na ndevu, na koti la karamuni, na njaa kali ambayo hakuwahi kuijua, njaa ya mtu aliyealikwa na chakula chake kikaliwa na mwingine. Mwanamke wa nyumba hakushangaa. Alimkaribisha, akampa bakuli la supu ya maharage, akamweleza kwamba mlango ule ndio ulioiokoa ndoa yao, maana ni mzito na laini mno. Mtu akitaka kuubamiza kwa hasira unajifunga taratibu kama mtu mzima anayekusihi, nawe unabaki umesimama pale na mkono wako, huna la kufanya ila kucheka. Sakon alikunywa supu yote. Alipotoka nje na kuwa Fusae tena, tumbo lake lilikuwa limejaa, na lile swali la karamuni, lililokuwa likimtafuna miaka arobaini na minne, likamwacha kimya kimya kama mgonjwa aliyepona akaona haya kuendelea kulala.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya Bibi Otsune, mwenye maradhi ya kifua, ambaye hakutoka kitandani tangu majani yalipoanza kupukutika. Kitanda chake kilikuwa kimewekwa sambamba na mlango mzito, upande usio na upepo. Fusae alivuka kizingiti akajitayarisha kubadilika, lakini hakubadilika. Alibaki na miaka sabini na tisa.

"Karatasi hii ni ya mwaka upi?" alimnong'oneza Yasaburo. Fundi akamwambia ni ule wa kumi na moja.

Fusae aliukumbuka. Ni mwaka aliofariki dada yake, naye hakuweza kuandika riwaya. Aliandika tu vitu alivyovikuta kizingitini kila asubuhi, vimeachwa na watu wasiobisha hodi. *Kitunguu kimoja. Mshumaa. Viazi vitamu vitatu, bado vya moto. Leo hakuna kitu, ila theluji imefagiliwa.* Mwaka mzima. Waandishi wa magazeti walisema Hanzawa amekwisha. Yeye pia aliona haya, na ndiyo riwaya aliyoipeleka kuchomwa mapema kuliko zote.

Alimweleza Bibi Otsune kilichokuwa ndani ya mlango wake. Mgonjwa alisikiliza amefumba macho.

"Viazi vilikuwa vyangu," akasema. "Usifikiri vingi. Vile vikubwa nilikula mwenyewe."

Hapo ndipo Bwana Kuramochi alipowakuta. Alikuwa mtu mpole, mwenye miwani, amebeba kijisanduku cha muhuri kifuani kama mtu aliyebeba yai. Kwenye karakana alikuwa ameona sufuria iliyoungua na riwaya isiyoungua, akafuata nyayo kwenye theluji. Fusae hakumficha. Alimwambia yote, na Yasaburo akapiga magoti, akaweka paji la uso sakafuni, akasema ni kosa lake, iandikwe hivyo.

Bwana Kuramochi alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Hakukasirika. Alikuwa amesoma mlango wa Fusae kila wiki tangu alipokuwa mwanafunzi, akisimama mvuani. Alisema kwamba chumba kitupu sasa hakiwezekani. Lakini kuna zaidi. Riwaya thelathini! Wangezitoa tabaka kwa tabaka, kwa mvuke na kisu cha mwanzi, bila kupoteza nukta. Si chumba kimoja. Wangejenga jengo zima lenye jina lake. Watu hawa wangepewa milango mipya ya mbao, mizuri kuliko hii, theluji ikishayeyuka. Kilichohitajika ni sahihi ya Mwalimu, kwamba maneno ni mali yake na kwamba fundi aliyachukua kwa makosa.

Akamkabidhi kalamu.

Fusae aliishika. Tusimfanye mtakatifu, aliishika kwa muda mrefu. Aliliona lile jengo. Aliiona milango ikifumuliwa katikati ya baridi, na kitanda kile kimekaa wazi mbele ya upepo hadi theluji iyeyuke. Akamwona Yasaburo, paji la uso bado liko sakafuni. Na akauona mlango uliokuwa mbele yake, mweupe, usio na hata alama moja ya kumtaja, umesimama katikati ya mwanamke mgonjwa na upepo wa mwisho wa mwaka, umesimama hivyo kwa miaka ishirini bila kuchoka wala kushukuriwa. Moyo wake ukajaa fahari. Alikuwa amejivuna maishani, kwa mlango wa mgongoni, kwa Sakon, kwa majivu. Lakini majivuno haya yalikuwa mageni, yalimnyoosha mgongo palepale katika uzee wake, bila kuazima umri wa nyumba ya mtu.

"Inuka, Fundi," alisema. Kisha akamgeukia mgeni. "Bwana Kuramochi, andika kwamba zilikuwa zawadi."

"Mwalimu, umesema hadharani kwamba zichomwe. Kila mwaka. Mji mzima unajua."

"Nilisema ni takataka na zichomwe. Nilizitoa kwa mikono miwili, nikainama. Wewe ni mzaliwa wa hapa. Mtu wa hapa akitoa zawadi nzuri, husemaje?"

Hakukuwa na mzaliwa wa mji ule ambaye angeweza kubishana na hilo.

"Nami nikapewa figili," Fusae aliongeza. "Nikazila zote. Zawadi iliyojibiwa hairudi kwa mwenyewe. Hiyo nayo ni sheria yenu."

Bwana Kuramochi alikubali kwamba hiyo ni sheria. Kwa sauti ya chini alimkumbusha kwamba basi hakutakuwa na chumba, kitupu wala kilichojaa, na jina lake halitaandikwa popote kilimani. Fusae akamwambia anajua. Akamrudishia kalamu, safi, haijaguswa na wino. Mtu yule alikifunga kijisanduku chake. Kisha, kwa kuwa alikuwa mwema, aliomba ruhusa ya jambo moja ambalo halikuwa katika kazi yake, akausogelea mlango, akaweka kiganja juu ya karatasi, akakaa hivyo kitambo. Alipoaga aliinama kwa Fusae, kisha kwa Yasaburo, na mwisho, chini kabisa, kwa mlango. Yasaburo akaondoka naye ili amwonyeshe njia isiyoteleza.

Fusae naye alijifunga koti. Hakuwa na desturi ya kukaa katika nyumba za watu. Katika miaka yote ile mtaani hakuwahi kunywa chai kwa jirani hata mmoja, maana alidhani msanii wa utupu hana haki ya kuketi. Aliomba radhi kwa usumbufu, akaanza kuuvuta mlango aufunge vizuri nyuma yake.

"Ngoja kidogo," Bibi Otsune alisema kutoka kitandani. Alikohoa, akangoja pumzi irudi. "Leo umekuja kwa sababu ya mlango. Uje tena, mwenzangu, kwa sababu yangu."